Muulizeni kijana mwenyewe kabla ya kumwandikia alama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni tangu niliposoma makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu afya ya akili ya vijana walioko shuleni. Makala ile ilikuwa nzuri, na takwimu ya Shirika la Afya Duniani mliyoinukuu, kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili, inapaswa kumshtua kila mzazi. Hata hivyo, niliisoma hadi nukta ya mwisho bila kukutana na wanafunzi ninaowafundisha mimi. Nimefundisha katika kitengo cha elimu maalum cha shule moja ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga, kwa miaka 19, baada ya kuhitimu Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha. Ninaandika kuhusu vijana ambao kila inapopimwa furaha na huzuni ya rika lao, ama hurukwa, ama huvishwa kipimo kilichoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Ninaposema vijana wenye ulemavu wa ukuaji nina maana ya wale ambao ukuaji wa ubongo wao ulichukua njia tofauti tangu tumboni au utotoni: wenye ulemavu wa akili, wenye usonji, wenye hali ya Down, na pia wenye mtindio wa ubongo. (Jina hili la mwisho tumelitumia ovyo kwa muda mrefu. Wengine humwita hivyo kila mtoto anayechelewa kujifunza, ilhali wapo wenye mtindio wa ubongo ambao shida yao ni ya viungo na mkao wa mwili tu, na akili zao ni timamu kabisa.) Katika kitengo chetu wapo wa miaka 9 na wapo wa miaka 18, wote chini ya paa moja la shule ya msingi. Mwili wa kijana umekwishabalehe, ndevu zimeanza, binti anapata hedhi, wenzao walioanza nao darasa la kwanza wako sekondari au wamekwenda mjini kutafuta maisha, na wao bado wanavaa sare ileile. Kama yupo mtu mwenye sababu ya kuulizwa moyo wake unasemaje, ni huyu.

Nieleze kisa kimoja, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha ninachotaka kusema. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na binti wa miaka 15 mwenye ulemavu wa akili, mwenye maneno machache, ambaye kila asubuhi alitangulia kufika ili afagie darasa, na alipofagia aliimba kaswida ileile moja. Ghafla akaacha kufagia. Akawa anakaa chini ya mchungwa nyuma ya darasa, anajiuma mkono hadi unavimba, na chakula cha mchana anakirudisha kama alivyopewa. Haikupita muda wakaja wataalamu wa taasisi moja ambayo sitaitaja, wakiwa na madodoso ya kupima ustawi wa kisaikolojia wa vijana wilayani. Walimhoji mama yake mzazi kwa muda usiozidi nusu saa, naye mama akajibu kadiri alivyoweza. Binti mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi hatua tatu kutoka hapo, akiwa na soda na biskuti alizopewa. Hakuulizwa swali hata moja, hata jina lake. Alama zake zilitoka juu, yaani dalili za shida zilikuwa nyingi, na nilipouliza hatua gani inafuata niliambiwa kwa upole kwamba nisiwe na wasiwasi, kwani kujiuma na kutokula ni mambo ya kawaida kwa wenye ulemavu wa aina yake.

Nilikuwa nimekaa na binti huyo miaka sita, na katika miaka hiyo sita hakuwahi kujiuma.

Tuliujua ukweli majuma matatu baadaye, na aliyetueleza ni yeye. Darasani tuna picha tulizozipiga wenyewe: nyumba za wanafunzi, kisima, soko, stendi ya mabasi, watu wa kila familia. Siku hiyo aliichukua picha ya bibi yake, akaiweka juu ya picha ya stendi, akanitazama, akarudia hivyo hivyo mara kadhaa. Bibi yake alikuwa amefariki. Binti alikuwa akilala naye kitanda kimoja tangu utoto, na siku ya maziko alipelekwa kwa jirani asije akasumbua, kisha hakuna aliyemwambia lolote, kwa kuwa kila mtu alidhani hataelewa. Yeye alielewa kwamba bibi amesafiri na kwamba harudi kwa sababu amemkasirikia. Mama yake alilia sana nilipomweleza. Tulikwenda naye kaburini, akaliona, akakaa hapo mpaka jua likawa kali. Hakupona siku ile, alilia kwa siku nyingi baadaye, lakini kulia huko kulikuwa kwa mtu anayejua analilia nini, na mkono aliacha kuuma.

Kosa lililofanyika pale si la taasisi moja wala la nchi moja. Mwaka 1982 Steven Reiss na wenzake huko Marekani waliwapa wanasaikolojia maelezo ya mtu mwenye dalili za shida ya kihisia, maelezo yakiwa yaleyale, isipokuwa kwa baadhi yao waliongeza kwamba mtu huyo ana ulemavu wa akili. Walioambiwa hivyo walielekea kuiona shida ileile kuwa ndogo na isiyohitaji tiba. Ulemavu ulitupa kivuli, na ndani ya kivuli hicho huzuni haikuonekana. Zaidi ya miaka 40 imepita, na kivuli hicho bado nakiona kila muhula.

Dodoso lenyewe silisemi vibaya. Ni lile la maswali 25 lililotungwa na Robert Goodman, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto nchini Uingereza, likachapishwa mwaka 1997, na leo limetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Nimelijaza mara nyingi kama mwalimu, na kwa wanafunzi wengi wa madarasa ya kawaida limetusaidia kuwaona waliokuwa wakizama kimya kimya. Lina mafungu matano ya sentensi tano tano: hisia, mwenendo, utulivu na umakini, uhusiano na wenzake, na moyo wa kusaidia wengine. Kwa kila sentensi mjazaji huchagua kama si kweli, ni kweli kiasi, au ni kweli kabisa, kisha alama za mafungu manne ya kwanza hujumlishwa kupata jumla isiyozidi 40. Kwa mzazi anayejaza, mipaka iliyopangwa mwanzoni kutokana na watoto wa Uingereza huihesabu alama 17 na kuendelea kuwa ya juu kupita kawaida.

Sasa tumchukue kijana wa miaka 16 ambaye uelewa wake ni kama wa mtoto wa miaka sita. Je, humaliza kazi aliyoianza, na umakini wake ni mzuri? Mama atasema si kweli, na atakuwa mkweli. Je, hupatana na watu wazima kuliko na vijana wenzake? Ni kweli kabisa, maana vijana wenzake wako shule nyingine na yeye hushinda na babu yake akichunga mbuzi. Je, anaye walau rafiki mmoja wa kweli? Hana. Je, wenzake humwonea? Kila siku, njiani. Alama zinapanda sentensi kwa sentensi, na katika majibu hayo yote hakuna hata moja lililotuambia kama kijana huyo ana huzuni. Tumeupima ulemavu wake, tumeupima upweke aliowekewa na wengine, tumeupima ukorofi wa watoto wa jirani, tukavijumlisha vyote na kuviandika kwa jina lake kana kwamba ni ugonjwa wake. Kwa upande mwingine yupo yule kijana mwenye usonji anayekaa kimya pembeni, hagombani na mtu, hasumbui, hasemi. Huyo alama zake huwa nzuri, na ndiye ninayemwogopea zaidi.

Jambo la pili ni nani anayejibu. Tumezoea kwamba kijana mwenye ulemavu ana msemaji, na mara nyingi msemaji huyo ni mama, anayempenda na kumjua kuliko mtu yeyote. Lakini kumjua mtu si sawa na kuwa ndani ya moyo wake. Katika nchi saba za Ulaya ulifanyika utafiti mkubwa juu ya watoto wenye mtindio wa ubongo wa miaka 8 hadi 12, matokeo yakatoka mwaka 2007. Familia zilizotembelewa zilikuwa 818, na watoto 500 kati yao waliweza kujibu wenyewe kuhusu ubora wa maisha yao. Majibu yao kwa jumla yalifanana na ya watoto wasio na ulemavu, jambo ambalo watu wengi hawakulitarajia. Walipolinganisha majibu ya wazazi na ya watoto, watafiti waliona mambo mawili ambayo ningependa kila mtunga dodoso ayatafakari. Mzazi aliyeelemewa na mzigo wa malezi aliyaona maisha ya mwanawe kuwa mabaya kuliko mtoto mwenyewe alivyoyaona. Na pale mtoto alipokuwa na maumivu makali, mzazi alielekea kuyaona maisha ya mtoto kuwa mema kuliko mtoto alivyosema. Kwa maneno mengine, uchovu wa mama uliandikwa kama huzuni ya mtoto, na maumivu ya mtoto yakapita bila kuandikwa.

Watoto hao walipofikia umri wa miaka 13 hadi 17 walitembelewa tena, na matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kwamba walipolinganishwa na vijana wa kawaida, eneo walilobaki nyuma waziwazi lilikuwa moja: marafiki na kuungwa mkono na wenzao. Nilipolisoma hilo nilikumbuka lango la shule yetu saa nane mchana, wengine wakiondoka makundi makundi na wa kwangu mmoja mmoja.

Sitaficha kwamba hoja yangu ina upande mgumu. Katika watoto wale 818 wa Ulaya, 318 hawakujibu wenyewe, na wengi wao ni wale ambao ulemavu wao wa akili ni mkubwa, yaani ni wale wanaofanana na nusu ya darasa langu. Tena hata anayeweza kujibu, ukimuuliza vibaya hukupa jibu la kukuridhisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Carol Sigelman na wenzake, Marekani pia, walionyesha kwamba watu wenye ulemavu wa akili wakiulizwa maswali ya ndiyo au hapana huelekea kusema ndiyo, hata pale majibu mawili yanapopingana. Hapa kwetu liongezee hilo adabu. Kijana aliyefundishwa kwamba mkubwa habishiwi, aliyetoka kumwamkia mgeni shikamoo, akiulizwa "Unafurahi shuleni?" atasema ndiyo. Akiulizwa "Huna furaha shuleni?" atasema ndiyo. Mgeni atafunga daftari lake na kuandika kwamba majibu ya kijana hayaaminiki, kwa hiyo amuulize mama. Mimi nasema swali ndilo lisiloaminika.

Niruhusu nieleze kwa kirefu kidogo jinsi tunavyouliza, kwa sababu nimewahi kuambiwa kwamba ninachodai hakiwezekani. Hatuanzi na hisia. Tunaanza kwa kuhakikisha kwamba kijana anaitumia njia ya kujibu, iwe ni maneno, ishara, picha au kutazama. Kadi zenye sura tatu, ya furaha, ya kawaida na ya huzuni, hutumiwa na wengi, lakini wapo wanaochagua sura ya furaha kila mara kwa kuwa inapendeza, na ukiharakisha utadhani wote wana raha. Kwa hiyo kwanza tunamuuliza mambo ambayo majibu yake tunayajua: ukipewa chungwa, je, ukinyeshewa na mvua njiani, je, daftari lako likichanika, je. Asipotofautisha, tunaziacha kadi hizo na kutafuta njia nyingine. Tunamwekea vitu viwili achague, badala ya kumtaka aseme ndiyo au hapana, kisha siku nyingine tunavigeuza upande na kumuuliza tena. Tunamuuliza mahali anapopajua, akiwa na mtu anayemwamini lakini asiyemwogopa, kwani si kila mara mtu huyo ni mzazi, na si kila mara ni mwalimu.

Muda nao ni mtego. Dodoso fupi la maswali matano la Shirika la Afya Duniani, lililoanza mwaka 1998 na linalosifiwa kwa wepesi wake, humtaka mtu akumbuke wiki mbili zilizopita na kupima kila hali kwa ngazi sita, kuanzia muda wote hadi hakuna wakati wowote. Wiki mbili kwa vijana wangu wengi ni neno tupu. Lakini "tangu siku ya gulio", "tangu Idi", "tangu mama alipojifungua" ni vitu wanavyovishika. Ngazi sita hawazishiki, mbili au tatu wanazishika. Kwa asiyeweza kuulizwa kwa njia yoyote kati ya hizi, bado mwili wake unazungumza: usingizi, chakula, anakimbilia nani asubuhi, anajificha wapi, ameacha nini alichokuwa akikipenda. Ila ili uusome mwili huo ni lazima uwe umeuandika ulipokuwa mzima. Ndiyo maana kila mwanafunzi wetu ana daftari dogo ambamo mimi na mama yake tunaandika mistari michache kila juma, na daftari hilo limetufaa kuliko dodoso lolote lililokuja na kuondoka siku moja.

Yapo pia maneno yenyewe. Kwa ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoondoka wataalamu wetu wamechagua neno sonona, na ni neno zuri la kitabibu, lakini sijamsikia kijana wa Muheza akisema ana sonona. Husema moyo mzito, roho inaniuma, sijisikii, nimechoka, sina raha, nina mawazo. Anayesema "nimechoka" wakati hajafanya kazi yoyote huenda anakueleza jambo zito kabisa, na dodoso linalosubiri neno huzuni litampita. Nyumbani kwao wengine husema Kibondei au Kisambaa, na Kiswahili cha shuleni ni lugha yao ya pili wanayoijua kwa shida. Kutafsiri dodoso kutoka Kiingereza na kulirudisha tena Kiingereza ili kuona kama maneno yamebaki yaleyale ni kazi ya lazima, lakini haitoshi. Inabidi mtu akae na vijana wenyewe na kuwauliza kila sentensi wameielewaje. Kazi ya namna hii si ngeni pwani hii. Kilifi, ng'ambo ya mpaka, Amina Abubakar na wenzake wametumia miaka mingi kutengeneza na kuhakiki vipimo vya ukuaji wa watoto kwa kuanzia na mazingira ya hukohuko. Kipimo chao kinachojulikana kwa jina la Kilifi kinahusu watoto wadogo, mijongeo yao na uratibu wa macho na mikono, wala hakigusi hisia za vijana. Nakitaja kwa sababu kinathibitisha kwamba inawezekana kuanzia huku kwetu badala ya kupokea kilichokamilika kutoka kwingine.

Tukianzia huku kwetu, nadhani tutauliza mambo mengine kabisa. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1948 linasema afya ni ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, na mfumo wake wa mwaka 2001 wa kueleza ulemavu uliweka ushiriki wa mtu katika maisha ya kila siku kuwa sehemu ya kile kinachopimwa. Ushiriki kwa kijana wa Muheza ni nini? Mimi ningeuliza kwanza: je, hutumwa? Katika malezi yetu kumtuma mtoto ni kumwamini. Anayetumwa dukani, akapewa noti, akarudi na chumvi na chenji, amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba hiyo. Nimeona kijana wa miaka 17 mwenye hali ya Down akirefuka mgongo kwa siku nzima kwa sababu mjomba wake alimtuma peke yake kupeleka ujumbe kwa fundi baiskeli. Na nimeona wengi ambao hawajawahi kutumwa hata mara moja, ambao mdogo wao wa miaka minane huitwa mbele ya macho yao na kupewa kikapu. Ningeuliza kama huitwa jina lake au huitwa kwa ulemavu wake. Ningeuliza kama harusi inapofika huenda na wenzake au hufungiwa ndani, kama msikitini au kanisani ana mahali pake pa kukaa, kama binti alifundwa na somo wake alipovunja ungo au aliachwa agundue mwenyewe damu ni nini. Hili la mwisho linanitesa. Mabinti kadhaa wameniambia, kwa maneno yao machache, kwamba walidhani wanakufa.

Natambua kwamba wapo wanaofanya kazi tofauti na yangu, ya kuhesabu watu wengi kwa wakati mmoja. Mwaka 2016 UNICEF na Kundi la Washington la takwimu za ulemavu walitoa maswali ya kuulizwa kaya kuhusu watoto wa miaka 2 hadi 17, na mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kwamba watoto karibu milioni 240 duniani wana ulemavu. Katika maswali yale yamo mawili yanayomuuliza mlezi ni mara ngapi mtoto huonekana mwenye wasiwasi sana au mwenye huzuni sana. Kwa kuhesabu taifa, hayo yanafaa, na ni hatua kubwa kwamba yamo. Ninachopinga ni kuchukua jibu la mlezi juu ya namna mtoto anavyoonekana na kuligeuza kuwa hukumu juu ya kijana mmoja, kwenye faili lake, litakalomfuata.

Na faili hilo huenda wapi? Katika miaka 19 nimepokea wapimaji mara nyingi. Karatasi zimeondoka na magari, na mara moja tu zilirudi na majibu ya kunisaidia. Kijana akikuonyesha kwenye picha kwamba anapigwa, au kwamba kuna mtu anayemshika pasipostahili, huwezi kulitia jibu hilo kwenye bahasha na kwenda zako. Lazima awepo afisa ustawi wa jamii aliyekwishaarifiwa, anayejua njia ya kufika na aliye tayari kumsikiliza mtu asiyesema. Sheria zetu zinatosha kwa maandishi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 7 ya mkataba huo inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kutoa maoni yake katika mambo yote yanayomhusu na kupewa msaada wa kuyatoa. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Mtoto, na mwaka 2010 Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kijana ana haki ya kuulizwa, na ana haki ya kukataa kuulizwa pia, jambo ambalo sijaona likizingatiwa: akisukuma kadi mbali, akageuka, amesema hapana, na hapana yake iheshimiwe kama ya mtu mwingine yeyote.

Ninachoomba kwa wanaotunga na kuidhinisha tafiti katika vyuo na wizara zetu ni haya. Msiidhinishe upimaji wa ustawi wa vijana shuleni unaoviruka vitengo vya elimu maalum bila sababu kuandikwa, na msiidhinishe unaovihusisha vitengo hivyo kwa kumhoji mzazi peke yake. Wapimaji wapewe muda wa kukaa na kijana zaidi ya siku moja, na bajeti ya muda huo ipangwe tangu mwanzo, kwa sababu hapo ndipo huwa panakatwa. Jibu la mama, jibu la mwalimu na jibu la kijana yaandikwe kila moja mahali pake. Yakipishana, msitafute wastani, tafuteni sababu. Mipaka ya alama iliyopangwa kwa watoto wa nchi nyingine, tena wasio na ulemavu, isitumiwe kumtaja kijana wetu kuwa mgonjwa au mzima hadi ihakikiwe kwa vijana kama yeye. Nanyi wahariri mkiandika tena kuhusu mioyo ya vijana wetu, mtumeni mwandishi huku pia. Kitengo kiko wazi Jumatatu hadi Ijumaa. Aje asubuhi na mapema, akae kwanza bila kuuliza kitu, na asilete biskuti. Maana ikifika saa tano jua limekuwa kali, vijana wamechoka, na kila atakalowauliza watamjibu ndiyo.

Mwalimu wa elimu maalum,
Muheza, Tanga